Vichaka vya maua vinavyoita vipepeo: kupanda na kutunza bustani ya pwani

Mwongozo huu ni kwa bustani za pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwani, penye joto mwaka mzima, udongo wa kichanga au wa mawe ya matumbawe, na mara nyingi maji ya kisima yenye chumvichumvi. Anayelima Arusha, Lushoto au Nairobi ataona maelezo yake mafupi mbele kidogo.

Watu wengi hununua miche ya maua, wakaipanda, wakapata vipepeo wanaotua dakika mbili na kuondoka. Sababu ni moja: kipepeo mzima hunywa utamu wa maua, yaani mbochi, lakini mtoto wake, kiwavi, hula majani, tena majani ya mimea michache tu. Jike hugusa jani na kulionja kwa miguu kabla ya kutaga. Asipopata jani analolitaka hatagi, hata bustani ikiwa na maua elfu. Kwa hiyo panga mambo mawili tangu siku ya kwanza: vichaka vya mbochi na mimea ya viwavi. Nenda ukaone kwa wanaofuga vipepeo kama kazi, kule Gede karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke ambako mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, au kituo cha vipepeo cha Pete karibu na Jozani, Unguja. Wafugaji wa huko hushughulika zaidi na majani kuliko maua.

Kuchagua mahali

Tafuta sehemu inayopata jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku, hasa la asubuhi. Kipepeo hapashi mwili wake moto mwenyewe, hutegemea jua, na kichaka kilicho kivulini kitatoa maua machache yasiyo na mgeni.

Upepo ni muhimu kama jua. Kusi ikivuma, upande wa kusini-mashariki wa nyumba hupigwa mfululizo kwa miezi, na karibu na ufuo upepo huo hubeba chumvi inayounguza majani. Panda nyuma ya kizuizi: ukuta, uzio wa makuti au safu ya miti. Kizuizi kinachopitisha hewa kidogo, kama makuti, ni bora kuliko ukuta mtupu, kwa sababu upepo ukigonga ukuta huruka juu na kushuka kwa vurugu upande wa pili.

Usipande chini ya ukuta kabisa. Mafundi huacha kifusi cha saruji na chokaa kwenye msingi, na udongo wa pale huwa mkali kwa mimea kadhaa, iksora ikiwa ya kwanza kulalamika. Acha angalau sentimeta 60. Kupima chokaa ni rahisi: chota kijiko cha udongo mkavu, mimina siki juu yake. Ukichemka na kutoa povu, kuna chokaa nyingi. Usipotoa povu, au ukitoa kidogo sana, una uhuru zaidi wa kuchagua.

Pima pia jinsi maji yanavyozama. Chimba shimo la kina cha sentimeta 30, jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza tena. Mara ya pili yakiwa bado yamesimama baada ya saa nne, inua tuta kwa sentimeta 20 hadi 25. Mizizi iliyokaa ndani ya maji ya masika huoza, na majani hunyauka huku udongo ukiwa umelowa. Mwenye bustani akiona hivyo huongeza maji, na mche unakufa wiki hiyohiyo.

Vichaka vya mbochi

*Pentasi.* Ukiwa na nafasi ya kichaka kimoja tu, panda hiki. Pentas lanceolata ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, hutoa maua karibu mwaka mzima, na ua lake ni kirija chembamba chenye nyota mdomoni, umbo linalofaa kabisa mrija wa kipepeo. Vishada vyake ni bapa, kwa hiyo kipepeo hutua na kunywa ua moja baada ya jingine bila kuruka. Nyekundu na waridi iliyokoza ndizo huitikiwa zaidi. Nyeupe hupendeza jioni lakini mchana haina wageni wengi. Aina hutofautiana sana kwa mbochi, na zile fupi zilizozalishwa kwa ajili ya vyungu zaweza kuwa na maua mengi matupu. Ukiwa kitaluni simama dakika tano: chagua mche ambao wadudu wameshautembelea palepale. Hufika urefu wa sentimeta 60 hadi mita moja. Nafasi kati ya mche na mche ni sentimeta 50.

*Plambago* ya maua ya samawati. Asili yake ni Afrika Kusini, lakini pwani inaikubali vizuri na huvumilia ukame ikishashika mizizi. Ina faida ambayo wengi hawaijui: vipepeo wadogo wa rangi ya buluu hutaga kwenye vichomozo vya maua yake, na viwavi vyao hukulia humohumo. Kwa hiyo ni mbochi na kitalu kwa pamoja. Hujitanua, ipe mita moja kila upande. Vikombe vya maua yake vina gundi na hunata kwenye nguo, usiipande kando ya njia ya kupita.

*Iksora.* Vipepeo wakubwa weusi wenye mabaka ya njano huipenda mno. Inataka udongo wenye uchachu. Ikiwa siki ilichemka kwenye udongo wako, usiipande ardhini. Weka kwenye chungu cha upana wa sentimeta 40 chenye mchanganyiko wako mwenyewe, bila hata punje ya udongo wa kiwanjani.

*Duranta.* Maua ya zambarau yanayoning'inia huvuta vipepeo kweli, ila ile duranta ya majani ya dhahabu inayokatwa mraba kando ya barabara haichanui kamwe, kwa kuwa maua hutoka kwenye ncha na ncha hukatwa kila wiki mbili. Ukiipanda, iache ikue. Matunda yake ya njano yana sumu, na watoto huvutiwa nayo. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, ikate kila baada ya kuchanua au uiache kabisa.

*Mtukutu.* Kwa mwenye kiwanja kikubwa, mti huu mchungu ambao majani yake hutumika kwa dawa hutoa vichwa vya maua meupe vinavyojaa wadudu wa kila aina. Hufika mita tatu au zaidi, uweke nyuma kabisa. Nyanda za juu ndiko unakofanya vizuri hasa. Huko ongeza na badleya za kienyeji zenye vishada virefu vyenye harufu ya asali, punguza kumwagilia miezi ya baridi, na usitegemee maua mengi Juni hadi Agosti.

Kuhusu lantana: inaita vipepeo kuliko karibu kichaka chochote, na hilo halina ubishi. Lakini Lantana camara imevamia mashamba na kingo za misitu kote Afrika Mashariki, ndege wanaeneza mbegu zake, na ng'ombe au mbuzi akiila hudhurika ini na ngozi yake huungua juani. Ushauri wetu ni kutoipanda. Kama ipo tayari na huna moyo wa kuing'oa, kata kila kishada mara petali zinapodondoka, kabla vitunda vya kijani havijawa vyeusi.

Epuka pia maua yenye petali za kujazana, kama mawaridi ya dukani na haibiskasi za maradufu. Petali hizo huziba njia, kipepeo hafikii mbochi hata kama upo. Bogenvilia nayo ni nzuri kwa macho ya wapita njia. Kwa vipepeo inatoa kidogo ukilinganisha na nafasi inayochukua na miiba yake.

Mimea ya viwavi

Hapa ndipo bustani inapopata vipepeo wa kudumu, na habari njema ni kwamba mingi ni mimea unayoijua.

Ndimu, limau na chungwa hulisha kiwavi wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu. Jike hutaga yai moja moja, la mviringo na la rangi ya njano mpauko, kwenye majani machanga ya ncha. Kiwavi akiwa mdogo ni wa kahawia na nyeupe, ukimwona utadhani ni kinyesi cha ndege, na ndiyo kinga yake. Akikua hugeuka kijani chenye michirizi. Mguse kidogo nyuma ya kichwa: atatoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Haziumi wala hazina sumu kwako. Kutoka yai hadi kipepeo, kwa joto la pwani, huchukua takriban mwezi mmoja hadi mmoja na nusu.

Mche wa ndimu wa nusu mita ukibeba viwavi watano utabaki vijiti. Panda miwili au mitatu kwa ajili yao, mbali kidogo na ule unaoutegemea kwa matunda, na viwavi wakizidi kwenye mti wa matunda wahamishe pamoja na jani walilokalia. Mti mkubwa wa zaidi ya mita mbili hauwahisi hata kidogo.

Mstafeli na mtopetope hulisha viwavi vya vipepeo wenye mbio, weusi wenye madirisha meupe au ya kijani hafifu. Senna zenye maua ya njano, ndugu wa mjohoro, hulisha vipepeo weupe na wa njano wanaopita kwa makundi baada ya mvua. Kwa hawa chagua senna ndogo ya kichaka, mjohoro wenyewe ni mti mkubwa mno kwa ua wa nyumba.

Tikini, mboga ya porini yenye ua jeupe ambayo Wamijikenda huiita futswe, huchipua yenyewe kivulini na watunza bustani huing'oa kama gugu. Iache. Vipepeo wadogo wenye duara la buluu kwenye mbawa za nyuma hutaga hapo, na wewe unaweza kuendelea kuchuma mboga kwa kuacha sehemu bila kuguswa.

Asklepia yenye maua mekundu na njano, inayouzwa vitaluni, hulisha Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi. Kichaka cha majani mapana ya kijivu chenye utomvu mweupe kinachoota kwenye viwanja vitupu vya mchanga hufanya kazi ileile. Kiwavi wake ana mistari ya njano, nyeupe na nyeusi, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Hula sumu ya mmea na kuihifadhi mwilini, ndiyo maana ndege humwacha. Utomvu huo ukiingia jichoni huvimbisha. Vaa glavu unapokata, nawa mikono kwa sabuni, na usiupande karibu na wanapochezea watoto. Ukiwa na marejea, mmea wa jamii ya kunde (Crotalaria), acha mabua machache yakauke hapohapo: madume wa kipepeo huyu huja kukwangua kemikali wanazozihitaji ili kuvutia majike.

Kuandaa tuta na kupanda

Wakati bora ni mwanzo wa masika, mwishoni mwa Machi hadi Aprili. Mche unaopandwa hapo hupata mvua, kisha miezi ya ubaridi ya kipupwe ya kusambaza mizizi kabla ya jua la kaskazi. Vuli, Oktoba na Novemba, nayo inafaa, ila ujue kwamba Januari na Februari zitaukuta mche bado mchanga na itabidi umwagilie kwa bidii.

Chukua mfano wa tuta la mita 4 kwa 2. Tandaza mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza unene wa sentimeta 5. Hiyo ni kama debe 20, au toroli saba. Samadi iliyooza hainuki na haina joto ukiingiza mkono. Mbichi huunguza mizizi. Ya kuku ni kali zaidi, tumia theluthi ya kiasi hicho, tena iwe imekaa miezi mitatu. Changanya na udongo hadi kina cha sentimeta 30, mwagilia, na uache wiki moja au mbili udongo utulie.

Mpangilio wa tuta hilo: nyuma duranta moja na plambago mbili, katikati iksora mbili, ardhini au kwenye vyungu vilivyofukiwa nusu, mbele pentasi saba za rangi moja kwa safu mbili za zigizaga, na kando yake asklepia sita. Rangi moja kwa wingi huonekana na kipepeo akiwa mbali, kuliko mche mmojammoja wa kila rangi, kosa ambalo karibu kila mgeni wa kazi hii hulifanya kwa kutaka bustani iwe ya kupendeza. Ndimu ziweke mita moja na nusu nje ya tuta. Tikini ijitandaze penye kivuli.

Siku ya kupanda:

1. Loweka kiriba cha mche, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa, kwenye ndoo ya maji hadi mapovu yaishe. Udongo mkavu wa kiriba ukishapandwa haulowani tena kirahisi, maji hupita pembeni.
2. Chimba shimo la upana mara mbili ya kiriba na kina sawa na kiriba, si zaidi.
3. Pasua kiriba pande mbili kwa wembe na ukiondoe chote. Mizizi ikiwa imejizungusha chini, ichane kwa vidole au kata mikato mitatu ya wima. Mizizi iliyoachwa ikizunguka itaendelea kuzunguka, na kichaka kitang'oka kwa upepo wa kwanza mkali.
4. Weka mche usawa uleule uliokuwa kitaluni. Shina likifukiwa huoza.
5. Rudisha udongo, bonyeza kwa kiganja, usikanyage.
6. Mwagilia lita 5 polepole, mara mbili kwa kupumzika dakika kumi.
7. Tandaza majani makavu unene wa sentimeta 5, ukiacha duara la sentimeta 5 wazi kuzunguka shina.
8. Kata maua yote yaliyopo. Inauma, lakini mche hutumia nguvu hizo kwenye mizizi, na baada ya wiki nne hadi sita utachanua mara mbili zaidi.

Panda saa kumi jioni na kuendelea, si asubuhi.

Kuzalisha miche kwa vipandikizi

Kuna sababu kubwa ya kuzalisha mwenyewe kuliko kununua: vitalu vingi humwagia miche dawa za kupenya ndani ya mmea, kama imidaklopridi, na dawa hiyo hukaa kwenye majani na mbochi kwa miezi. Kiwavi anakula, anakufa, na hakuna dalili yoyote ya nje. Muulize muuzaji. Akisita kujibu, omba tawi kwa jirani.

Pentasi ndiyo rahisi kuliko zote. Asubuhi kata ncha zenye urefu wa sentimeta 8 hadi 10 zisizo na ua, ukikata chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, acha jozi mbili za juu, na kama ni makubwa yakate nusu. Choma mashimo kwa kijiti, ingiza kipandikizi theluthi ya urefu, bonyeza. Mahali pa kuchomeka pawe mchanga wa mtoni uliooshwa, au nusu mchanga na nusu vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa kwa maji baridi mara tatu, kwani makumbi mengi ya pwani yana chumvi. Mchanga wa baharini usiutumie hata ukiuosha. Funika kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa wazi, weka kwenye kivuli chepesi. Mizizi hutoka ndani ya wiki mbili hadi tatu. Vuta kidogo: kikishika, hamishia kwenye kiriba chenye udongo wa juu sehemu tatu, samadi mbili na mchanga moja, na baada ya wiki tano au sita ukipande tutani.

Plambago hufuata njia hiyohiyo kwa matawi yaliyokomaa nusu, ila huchukua wiki nne hadi sita. Iksora ni ngumu, nunua.

Maji, mbolea na mkasi

Wiki tatu za mwanzo mwagilia lita 5 kwa kichaka kila baada ya siku moja, kisha lita 8 hadi 10 mara mbili kwa wiki, na ikinyesha vizuri acha. Mwagilia chini, asubuhi. Maji yakipigwa juu ya maua husuuza mbochi na kuangusha mayai na viwavi wachanga.

Maji ya kisima yenye chumvi huonekana kwenye kingo za majani: hukauka na kuwa kahawia kuanzia ncha, majani ya zamani kwanza. Pentasi huonyesha mapema. Kinga mvua kwenye tangi kwa ajili ya vyungu, na kwa tuta mwaga maji mengi kwa mpigo mmoja kila wiki mbili ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kumwagilia kidogokidogo kila siku kwa maji ya aina hiyo ndiko kunakolimbikiza chumvi juu.

Mbolea iwe kidogo. Debe moja la mboji kwa kila vichaka vitatu, mara mbili kwa mwaka kabla ya kila msimu wa mvua, latosha. Udongo ukiwa mchanga mtupu, ongeza NPK 17:17:17 gramu 20 kwa kichaka kila miezi miwili, ukinyunyiza mbali na shina na kumwagilia hapohapo. Urea achana nayo. Inaleta majani mabichi na laini, maua machache, na vidukari wengi.

Kupogoa kunategemea kichaka. Pentasi: kata vishada vilivyokauka kila wiki hadi jozi ya kwanza ya majani, na kila miezi mitatu au minne punguza theluthi ya kichaka, nusu ya tuta kwanza na nusu nyingine wiki tatu baadaye, ili maua yasikosekane kabisa. Baada ya miaka miwili au mitatu shina huwa gumu kama kuni na maua hupungua. Ng'oa uweke vipandikizi vipya. Plambago huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo ikate nusu hadi theluthi mbili kabla ya masika bila huruma. Iksora isikatwe bapa kama uzio. Ondoa tawi mojamoja baada ya kuchanua. Futa mkasi kwa spiriti kati ya kichaka na kichaka.

Yanayoharibika, na sababu zake

Dawa za wadudu ndizo huua bustani za vipepeo kuliko kitu kingine. Na hapa tuseme wazi jambo ambalo wengi hulikosea: mwarobaini nao haufai. Kwa mboga ni dawa nzuri, lakini maji ya majani au mafuta yake humzuia kiwavi kula na kujivua ngozi, awe kiwavi mharibifu au wa kipepeo unayemfuga. Dawa za bakteria za kuulia viwavi, zinazouzwa kwa wakulima wa kabichi, ni vilevile.

Vidukari wa njano kwenye asklepia hujaa shina zima na kumtia mtu kiherehere. Wabane kwa vidole vyenye glavu au wapige kwa maji ya mpira, baada ya kukagua chini ya majani kama kuna mayai. Vidung'ata, wale weupe kama pamba, hukaa kwenye vikwapa vya iksora na pentasi: waguse kwa pamba yenye spiriti. Wakiwa wengi, tumia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jioni, kwenye matawi ambayo umehakikisha hayana kiwavi, na usuuze asubuhi.

Ukiona vidung'ata tafuta sisimizi, maana hao huwalinda na kuwahamisha. Maji moto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe, ni tatizo kubwa zaidi: mti wa ndimu walioutawala hautabakiza kiwavi hata mmoja. Kata matawi yote yanayogusana na mwembe au ukuta, funga kitambaa kwenye shina la ndimu na upake grisi juu ya kitambaa, si juu ya gome.

Iksora ikigeuka njano huku mishipa ya jani ikibaki kijani, na majani machanga yakianza kabla ya ya zamani, imekosa chuma kwa sababu ya chokaa. Mbolea ya kawaida haisaidii. Nunua cheleti ya chuma, yaani madini ya chuma yaliyotengenezwa ili mmea uweze kuyafyonza, ya aina ya EDDHA. Ile ya EDTA ni rahisi zaidi lakini hushindwa kufanya kazi kwenye udongo wa chokaa. Au hamishia kwenye chungu. Majani ya zamani ndiyo yaliyoanza kuwa ya njano yote, mishipa pamoja? Hiyo ni njaa ya naitrojeni, ongeza mboji.

Kichaka kinachodumaa kwenye mchanga bila sababu ya kuonekana, king'oe kimoja utazame mizizi. Vinundu kama shanga ni dalili ya minyoo ya mizizi. Usirudishie aina ileile hapo. Ongeza mboji nyingi na panda marejea kwa miezi mitatu kabla ya kujaribu tena.

Majani yaliyotobolewa kwenye ndimu, mstafeli na asklepia si ugonjwa. Ndiyo kazi yake.

Vyakula vingine

Baadhi ya vipepeo wakubwa wa msituni, jamii ya Charaxes, hawana haja na maua. Hutaka tunda lililochacha. Ponda ndizi mbivu sana mbili au tatu, ongeza tembo (pombe ya mnazi) kidogo au kijiko cha sukari na maji, funika siku mbili au tatu, kisha weka kwenye sahani iliyoning'inizwa mita moja na nusu kutoka chini. Paka grisi kwenye kamba kuzuia sisimizi, na badilisha kila siku tatu. Kwa bustani iliyo karibu na msitu au miti mikubwa utaona matokeo. Katikati ya mji hasa, usitarajie sana.

Madume wa aina nyingi hunyonya chumvichumvi kutoka kwenye mchanga uliolowa. Fukia sahani hadi ukingoni, jaza mchanga, ongeza konzi moja ya samadi iliyooza na ncha ya kijiko cha chumvi, weka penye jua na uiweke iwe na unyevu tu. Maji yakisimama juu yatazaa mbu.

Kabla ya kila pogoo, kagua kichaka tawi kwa tawi. Pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kwenye ganda akigeuka kipepeo, wa kipepeo wa ndimu hufungwa kwa uzi kiunoni kwenye kijiti, rangi ya kijani au kahawia kufuata mahali alipo. Yule wa asklepia huning'inia kama tone la kijani lenye vidoti vya dhahabu. Tawi lenye pupa liache hadi atoke. Ganda likiwa limepasuka upande wa kichwa, kipepeo ameshaenda na unaweza kukata. Likiwa na tundu dogo la mviringo ubavuni, alitoka nyigu aliyemla ndani, na hapo pia unaweza kukata.